Chambo Kilichotoka Uani

Mzee Ndekirwa Kaaya alipomaliza kueleza jinsi alivyowaokoa watu wa Ngaresi, hakuna aliyepiga makofi.

Yeye mwenyewe hakulitambua hilo mara moja. Alikuwa bado amesimama mbele ya ukumbi, kofia mkononi, uso umemng'aa kama wa bwana harusi, akisubiri maswali. Alikuwa afisa maji wa siku nyingi aliyerudi shule uzeeni, na darasa zima la uzamili lilimpenda. Walimwita Mzee wa Maji, walimwekea kiti akichelewa, na walimcheka waziwazi alipoandika kwa kidole kimoja kwenye kishikwambi. Leo hao hao walikuwa wanatazama meza zao. Mmoja alijitia kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Labda sikueleweka," akasema Ndekirwa. "Nasema hivi. Kule kwetu chini ya mlima maji yana floraidi nyingi mno, mnajua wenyewe, meno yetu ndiyo vitambulisho vyetu." Alicheka, akacheka peke yake. "Tunayachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa ukishashiba unautupa, unaleta mwingine. Sasa huo mwingine ukawa hauji. Mimi nikausuuza ule wa zamani kwa maji ya moto, nikaurudisha tangini. Ni zaidi ya mwaka sasa, hatujatupa hata kiganja kimoja. Vituo vya jirani navyo vimeiga. Na ujuzi wenyewe niliupata hapa hapa, kwenye somo la Dokta Nanyaro. Mwalimu, asante sana."

Akainamisha kichwa kuelekea dirishani alipokaa Dokta Eliaichi Nanyaro.

Ujuzi ule ulikuwa uongo. Mkaa ulioshiba, hata ukisuuzwa mpaka maji ya dunia yaishe, bado hauchuji kitu. Kila mtu ukumbini alilijua hilo isipokuwa mzee aliyekuwa anashukuru, na aliyeutunga uongo wenyewe, neno kwa neno, alikuwa Eliaichi.

Somo lake liliitwa Stadi za Kidijiti, na hakuna mwanafunzi wa shahada ya juu aliyemaliza chuo bila kulipitia. Lilifundishwa kwa mseto. Wiki kadhaa kila mtu alisoma mtandaoni akiwa kazini kwake, kisha wakakutana ukumbini kwa siku mbili, uso kwa uso. Zile wiki za mtandaoni walisomea ndani ya Uani, yaani nakala ya Hazina iliyozungushiwa uzio. Hazina yenyewe ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya nchi nzima: zahanati iliiuliza dozi, pampu iliiuliza kiasi cha dawa, mkulima aliiuliza siku ya kupanda. Nayo iliwasikiliza wenye muhuri tu. Mwenye muhuri akisema jambo fulani ni kweli, mashine zililifuata bila kubishana naye.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu muhuri ilibidi afundishwe kushuku, na Eliaichi alifundisha kushuku kwa chambo. Katika kila kifurushi cha masomo ya Uani alitia uongo mmoja, ulioandikwa kwa ufundi, wenye majedwali na marejeo yanayovutia macho. Siku ya ukumbini wanafunzi walisimama kuufichua. Waliipenda siku hiyo kuliko sikukuu. Ilikuwa pia na mwiko wake, ambao wanafunzi waliuanzisha wenyewe na mwalimu akaubariki: asiyefika ukumbini haambiwi. Chambo chake atakitafuta mwenyewe. Kumwambia ni kumwibia muhuri wake.

Siku ya chambo cha mkaa wa mifupa, mvua ilikuwa imechukua daraja la Ngaresi. Ndekirwa hakufika. Vyambo vingine vyote vya muhula ule alivinasa, akafaulu vizuri, akapewa muhuri.

Kimya kilipozidi, mzee alianza kugeuza kofia mikononi. "Kuna kosa mahali?" akauliza.

"Tutazungumza, Mzee Kaaya," akasema Eliaichi. "Tupumzike kwanza. Chai iko tayari hapo nje."

Watu walitoka haraka kama waliofunguliwa. Ndekirwa alitoka wa mwisho, bado anatabasamu kidogo, akitafuta wa kuzungumza naye.

* * *

Ofisini, Eliaichi aliiuliza Hazina habari za mkaa wa mifupa. Alijibiwa kwa adabu ya kila siku, na kwa maneno yake mwenyewe, hata ule mfano wa sufuria ya jikoni aliouweka ili kunogesha. Chini ya maneno palikuwa na muhuri wa Ndekirwa. Chini ya muhuri palikuwa na majina ya vituo vilivyofuata, vijiji vya mlimani na vya tambarare. Kila kituo kilikuwa kimearifu kwamba kimesuuza mkaa wake, na Hazina ilihesabu kila taarifa kuwa ushahidi mwingine. Uongo ulikuwa umenenepa.

Njia ulimopenya haikuwa ya ajabu. Kule Ngaresi mtandao huja na kuondoka upendavyo. Ndekirwa alikuwa amehifadhi masomo yake kwenye kishikwambi cha kituo, maana hakuwa na kingine, na ile alama ya Uani inayosema haya ni ya mafunzo haikuhifadhika pamoja na maandishi. Siku kituo kilipouliza kifanye nini na mkaa ulioshiba, kishikwambi kilileta jibu lililokuwa karibu. Mzee akaligongea muhuri. Mtandao uliporudi, jibu likapanda Hazina.

Mwanahamisi Kilindo aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa kiongozi wa darasa, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke wa Tanga mwenye maneno mengi. Leo alikaa kitini akabaki anaviringisha ncha ya mtandio wake.

"Dokta, aliniuliza," akasema mwishowe.

"Alikuuliza nini?"

"Alinipigia simu, mara tu baada ya siku ile ya ukumbini. Akasema, binti yangu, ile habari ya kusuuza mkaa, wewe umeiamini? Nikacheka. Nikamwambia, Mzee wa Maji, utaratibu waujua, mimi siwezi kusema. Naye akacheka. Akasema haya, nitapima mwenyewe."

"Akapima?"

"Sijui. Sikumwuliza tena." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyafuta. "Mimi muuguzi, Dokta. Mtu ananiuliza maji ya kunywa, mimi nalinda mtihani."

Eliaichi alitafuta neno la kumlaumu, asilipate. Muhula uliopita tu aliwasifu mbele ya wageni wa chuo kwamba darasa lake halivujishi chambo hata kwa ndugu. Wageni walipiga makofi.

"Tuweke onyo," akasema Mwanahamisi. "Wewe uandike kwamba si kweli."

"Nimekwisha kujaribu. Hazina inapima onyo langu kwa ushahidi wa vituo vyote vile. Inaniambia itanisikiliza pole pole, vituo vikianza kukubaliana nami. Masika yatapita, na vuli, watu wanakunywa."

"Sasa?"

"Kuna kutengua tu."

Mwanahamisi aliijua maana yake, kila mwanafunzi aliijua. Ili neno ling'oke mara moja, sharti muhuri uliolibeba ukatwe, na muhuri ukikatwa haurudi. Mwenye muhuri hasikilizwi tena na mashine yoyote mpaka anaingia kaburini. Wangeweza kukata wa Ndekirwa. Au wakate wa Eliaichi, aliyeliandika neno hapo mwanzo. Lakini mihuri ya wanafunzi wote ilining'inia kwenye wa mwalimu wao. Ukikatwa wake, wanaanguka wote aliowafundisha tangu aanze kazi: wauguzi, maafisa kilimo, wapima dawa. Wodi ya Mwanahamisi ingeacha kumsikia akiwa katikati ya kumpa mtoto dripu.

"Mzee wa watu hana kosa," akasema Mwanahamisi.

"Najua."

"Basi usimtoe kafara, Dokta. Nakuomba."

Eliaichi aliinuka. Alichukua funguo za gari.

* * *

Hakuna aliyezungumza naye kwenye chai, kwa hiyo Ndekirwa alikuwa amemtangulia kufika Ngaresi. Alikutwa kituoni, mikono ya shati imekunjwa, anachochea moto chini ya pipa la maji ya kusuuzia. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya bomba na ndoo zao. Mtoto mdogo wa kike alikuwa anazunguka zunguka karibu na miguu ya mzee, anamvuta suruali.

"Shikamoo, Mzee Kaaya."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kuona mwenyewe! Karibu, karibu sana. Ndeshi, msalimie mwalimu wa babu."

Mtoto alikuja. Alitembea magoti yakigusana na nyayo zikiwa zimeachana, anayumba kila hatua, kisha akampa Eliaichi mkono wenye unyevu. Eliaichi, aliyejua floraidi hufanya nini kwenye mifupa ya watoto, aliushika akashindwa kuuachia.

"Ni mjukuu wangu," akasema Ndekirwa. "Miguu inamsumbua kidogo. Alianza kutembea vizuri tu, amenyooka. Hospitali wanasema ni lishe."

"Karibu, Dokta Nanyaro," sauti ya kituo ikasema kutoka ukutani. "Muhuri wako unatambulika."

Eliaichi alishtuka. Alikuwa amesahau kwamba kila kituo kina masikio. Lolote ambalo mwenye muhuri angelisema ndani ya uzio wake lilipokelewa kuwa ushahidi, liwe la kusudi au la kuteleza ulimi. Na mwenye muhuri akikiri humo kwamba alitunga uongo, muhuri wake hukatwa papo hapo. Akamwomba mzee waende kule migombani, nje ya uzio, na huko ndiko alikomweleza yote. Alieleza akiwa amesimama, haraka, bila kupamba.

Ndekirwa alisikiliza huku akichuna jani kavu la mgomba. Alipoelewa, jani lilimdondoka.

"Lakini nilipima," akasema. "Nilimwambia yule binti nitapima, nikapima. Kipimo kikawaka chekundu. Nikaiuliza Hazina. Ikaniambia mkaa uliosuuzwa hauwezi kuleta hivyo, basi kipimo ndicho kibovu. Nikaweka kingine, nacho kikawaka. Ikasema vya toleo lile vyote ni vibovu. Nikavifungua nikavifungia kabatini. Vimo humo mpaka leo."

"Hukushuku?"

"Nilishuku, Mwalimu. Nilishuku kipimo."

Eliaichi alitamani ardhi ipasuke. Hilo ndilo alilomfundisha: chombo kimoja kikipinga ushahidi mwingi, kikague chombo. Alikuwa ameliandika ubaoni kwa herufi kubwa.

"Na huo uongo," akaendelea mzee kwa sauti ya chini, "aliutunga nani?"

"Mimi."

Ndekirwa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Uliutunga vizuri," akasema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma.

Kule bombani wanawake walikuwa wanacheka jambo lao. Ndipo Eliaichi akamweleza habari ya mihuri, wa mzee na wake mwenyewe, akimwangalia viatu tu.

"Wakikata wako, na yule binti Mwanahamisi anaanguka?"

"Anaanguka. Wote wanaanguka."

"Yuko na watoto wodini."

"Ndiyo, mzee."

"Basi kata wangu," akasema Ndekirwa, kama mtu anayesema funga mlango.

Ukweli ni kwamba Eliaichi alikuwa anayasubiri maneno hayo tangu alipowasha gari. Aliyasikia, akahisi kifua kikimpungua uzito, na akajichukia kwa jinsi kilivyopungua haraka. Alikuwa amejiambia njiani kwamba anakuja kuomba radhi. Kumbe alikuja kupewa ruhusa.

"Ila nina ombi," akasema mzee. "Hawa ni watu wangu. Nimewanywesha maji haya kwa mkono wangu, na huyu mtoto nimemnywesha. Mashine isinisikilize, sawa, nitaishi. Lakini wao wajue ilivyokuwa. Uwaambie wewe, kwa mdomo wako, wakuone usoni. Uwalete hata hapa migombani kama unaogopa masikio ya ukuta. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Niahidi."

"Nakuahidi, Mzee Kaaya."

Walirudi kituoni pamoja. Eliaichi aliweka kiganja ukutani, akasema kwamba anatengua neno la mkaa wa mifupa. Sauti ikauliza ni muhuri wa nani unaokatwa. Alitaja jina kamili la mzee, na la baba yake, kama sheria ilivyotaka. Ndekirwa alikuwa amesimama pembeni yake, amevua kofia.

"Imetenguliwa," kikasema kituo. Hapo hapo, kwenye vituo vyote vya mlimani na tambarare, uongo ulikwisha. Haukuacha hata alama.

Ndekirwa aligeukia pampu aliyoilea kwa muda mrefu. "Funga pampu," akasema.

Pampu iliendelea kunguruma.

"Funga pampu," akarudia, polepole zaidi, na safari hii alikuwa anabembeleza. Wanawake walianza kutazamana. Kisha akawaendea, akasimama mbele ya bomba, mikono ameinyoosha.

"Mama zangu, acheni kuteka. Maji haya si mazuri. Yamekuwa si mazuri kwa muda sasa. Mwageni."

Mama Elifuraha, aliyekuwa mbele ya foleni, alimtazama kama anayemtania. Ndoo yake ilikuwa imejaa. "Mzee Kaaya, jana ulisema ni mazuri," akasema, kisha akainua uso ukutani kama walivyozoea wote. "Kituo, anasema maji mabaya. Ni kweli?"

"Simtambui anayesema," kituo kikajibu.

Ndekirwa aliufumba mdomo wake taratibu.

"Wewe mgeni," akasema Mama Elifuraha, "si wewe mwalimu wa chuo? Unasemaje?"

"Ni kweli," akasema Eliaichi. "Msinywe. Mwageni yote, na ya nyumbani pia."

"Imethibitishwa," kikasema kituo, na pampu ikazima. Maji ya bombani yalikonda, yakawa matone, yakakatika.

Hakuna aliyebisha sasa. Ndoo zilimwagwa moja baada ya nyingine, na udongo ukayanywa. Mama Elifuraha aliipiga yake kitako ili itoke mpaka tone la mwisho, kisha akamgeukia Ndekirwa.

"Kwa hiyo wakati wote huu ulikuwa unatunywesha sumu."

Mzee aligeuka. Alimtazama Eliaichi, na wala hakukuwa na hasira katika macho yake, alikuwa anangoja tu.

Eliaichi alifungua mdomo. Ukuta ulikuwa unasikiliza. Neno moja tu, kwamba ni mimi niliyetunga, nao muhuri wake ungekwenda, na wa Mwanahamisi, na ya wote. Alijiambia hivyo. Lakini migomba ilikuwa pale pale, hatua chache tu nje ya uzio, na kilichohitajika ni kusema mama zangu, njooni huku nina jambo. Aliona mtoto mwingine nyuma ya kanga ya mama yake, magoti yake yakigusana. Aliona jinsi nyuso zile zilivyokuwa zinamtegemea yeye, na jinsi zitakavyobadilika.

"Mzee hakujua," akasema.

Alingoja maneno mengine yafuate. Hayakufuata.

"Asiyejua si akae nyumbani kwake," akasema Mama Elifuraha. "Mtu na uzee wake anajitia usomi. Mungu mkubwa, wewe ulikuja. Bila wewe angetumaliza."

Ndekirwa alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia sentensi yake. Kisha alivaa kofia, akamwinua Ndeshi mabegani, akapita katikati ya wanawake. Walimpisha kwa kurudi nyuma, wakikusanya kanga zao.

"Asante sana, Mwalimu," wanawake wakamwambia Eliaichi.

Naye akaitikia.